Ujira wa Raba

Fundi yule wa Kariakoo hakuigusa laptopu mara moja. Binti aliyeileta, mwanafunzi wa chuo, alikuwa ameshaitangazia msiba: tasnifu yake yote imo humo, haiwaki, na mwenzake kamwambia dawa ni kupiga Windows upya. Fundi aliitikia shikamoo yake, akamsogezea stuli, akaanza kuuliza. Ilizimika ghafla au ilianza kwa kusuasua? Iliwahi kuanguka? Ilimwagikiwa chai? Ukibonyeza swichi, unasikia feni? Kuuliza si ujinga, na kwenye meza ile kuuliza kulikuwa nusu ya kazi.

Kwani kutowaka kuna namna zake. Ipo laptopu isiyoonyesha dalili yoyote, si taa wala feni. Hiyo hushukiwa umeme kwanza, na multimita hupelekwa kwenye ncha ya chaja kuona kama zile volti 19 au 20 zinafika kweli. Ipo inayofika hadi kwenye nembo ya mtengenezaji kisha ikaganda. Hapo ndipo diski au Windows hustahili kulaumiwa. Na ipo ya katikati, inayowatesa wengi: taa inawaka, feni inavuma, kioo cheusi tii. Ya binti ilikuwa hii. Kuipigia Windows laptopu ya namna hii ni kumsomesha mtu aliyezimia.

Nilichokipenda zaidi ni tochi. Fundi aliiwasha, akaielekeza kwenye kioo kwa upande, akainama hadi pua ikakaribia kugusa. Ikiwa kwa mbali, kama unatazama kwa makini, kuna kivuli cha maandishi au cha nembo, basi mashine ni hai na kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya kioo tu. Hakuona kitu. Akaiunganisha na skrini kuukuu iliyokuwa pembeni; nayo ikabaki nyeusi. Akachomoa chaja na betri, akakibana kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliosalia ndani ujimalize. Bado.

Ndipo akashika bisibisi, akafungua mfuniko wa chini na kuchomoa ramu. Kwenye droo alitoa raba ya kufutia penseli, ile ile ya watoto wa shule, akaanza kusugua meno ya dhahabu ya ramu taratibu, upande mmoja kisha wa pili, bila pupa, mpaka yakang'aa. Akapuliza vumbi, akairudisha mahali pake na kuibana mpaka ikalia ta. Kioo kikawaka. Hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Zamani mashine zenyewe zilimsaidia fundi. IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981, kitabu chake cha kiufundi kilikuwa na michoro ya saketi, kila njia ya umeme ikionekana. Ukiiwasha ilijikagua kwanza. Mlio mmoja mfupi ulimaanisha kuwa iko salama, na mlio wa namna nyingine ulimwelekeza fundi pa kuanzia. Laptopu nyingi za leo hazilii. Michoro yake imefungiwa kabatini kwa watengenezaji, betri zimegandishwa kwa gundi, na nyingi ramu yake imelehemiwa kwenye bodi, haichomoki wala haifikiwi na raba. Nyingine hata hifadhi ya data imelehemiwa humo humo, kwa hiyo bodi ikifa, tasnifu inaweza kwenda nayo.

Ufaransa, tangu mwaka 2021, inawataka wauzaji wa laptopu waonyeshe alama, kati ya 10, ya jinsi chombo kinavyotengenezeka kwa urahisi. Ni jambo jema. Lakini sheria inaweza kurudisha skrubu. Haiwezi kumrudishia fundi heshima yake.

Maana fundi alipotaja ujira wake, mjomba aliyemsindikiza binti aling'aka: "Fundi, umefuta tu kwa raba, hela ya nini?" Hakuwa mtu mbaya. Alisema tunachokisema sote. Angeambiwa ramu imekufa na inatakiwa mpya, angeingiza mkono mfukoni bila neno. Tumezoea kulipia kitu kinachoshikika. Maswali, tochi, na kujua pa kuacha kutafuta, hivyo tunaviona vya bure.

Pembeni alikaa kijana anayejifunza kazi, na mabishano yale aliyasikia yote. Huyo naye ana kodi ya chumba. Siku akifungua meza yake mwenyewe, ataletewa laptopu yenye kioo cheusi, na atajua vizuri kwamba raba inatosha. Atauza ramu. Tutamwita tapeli, ilhali somo lile alilipata kwetu.