Tenga la vinyuzi Ngombezi

Fundi alipofunua shimo la kunyonya maji nyuma ya nyumba ya shangazi yangu huko Ngombezi, Tanga, kitu cha kwanza alichovuta kwa reki kilifanana na blanketi. Kipande kizito cha kijivu, unene wa kidole, kimelala juu ya mawe kama mtu alikitandika. Alikitupa kwenye majani, akakigeuza kwa fimbo, akauliza: "Mama, nani katupa nguo humu?"

Hakuna aliyetupa nguo. Miaka minne nyuma wanawe walimnunulia shangazi mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele, na fundi bomba akaunganisha mpira wake moja kwa moja na chemba. Tangu hapo kila mfuo ulipeleka shimoni nyuzi kidogo, kiasi ambacho ukikitazama mkononi utakipuliza kipeperuke. Masika ya mwaka jana maji yakaanza kurudi bafuni.

Niliposikia habari hiyo nilidhani tangi limejaa, liitwe gari la kunyonya maji taka, basi. Gari lilikuja, tangi likanyonywa, na wiki tatu baadaye maji yakarudi tena. Kumbe tangi halikuwa na kosa lolote. Tangi la maji taka hufanya kazi kwa utulivu: kizito kinazama chini, mafuta yanaelea juu, maji ya katikati yanatoka kwenda shimo la kunyonya, na udongo unayapokea. Kinyuzi cha nguo kinaharibu mpango huo kwa sababu hakizami vizuri wala hakielei vizuri. Kinaning'inia katikati, hasa mashine inapomimina maji yake kwa kishindo na kukoroga kila kitu, kisha kinatoka pamoja na maji yale tuliyodhani yameshachujika. Kikifika kwenye mawe kinakwama, kinamngoja mwenzake.

Pamba huliwa na bakteria, polepole. Poliesta na akriliki haziliwi. Na kabati la Mtanzania wa leo lina nini? Sweta za mitumba, jezi, mablanketi ya manyoya. Mwaka 2016 Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walichapisha hesabu yao: mfuo mmoja wa kilo 6 za nguo za akriliki unaweza kutoa vinyuzi zaidi ya 700,000. Nguo za mchanganyiko wa poliesta na pamba zilitoa karibu 138,000. Kwa hiyo swali la kwanza si mashine ya kampuni gani, ni nini kinaingia ndani yake.

Fundi alichimbua mawe, akayaosha, akachimba udongo uliogeuka ngozi, akarudishia. Kazi ya siku tatu. Kilichobaki ni kuzuia vinyuzi visifike huko tena, na hapo ndipo mimi, mjuaji wa mjini, nilipoharibu mara mbili.

Kwanza nilivalisha mdomo wa mpira soksi ndefu ya nailoni, nikaibana kwa kamba ya plastiki. Wengi hufanya hivyo na kwa mfuo wa kwanza inapendeza, unaiona soksi ikivimba rangi ya kijivu. Mfuo wa tatu pampu ililia, mpira ukaruka kama nyoka, ukuta wote ukaloa. Halafu nikaweka wavu mwembamba wa chuma juu ya mdomo wa chemba. Huo uliziba ndani ya siku mbili, bafu likawa bwawa. Nilikuwa nahangaika na udogo wa matundu: yawe madogo zaidi, yakamate zaidi.

Aliyenisahihisha ni mzee jirani, mstaafu wa korona, mashine ya kusaga mkonge. Tangu Richard Hindorf alete mkonge mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imefika hai, watu wa Tanga wamekuwa na zaidi ya karne moja ya kushughulika na nyuzi ndani ya maji, na Ngombezi ni shamba la mkonge. Korona inasaga jani, inatoa singa ndefu, na maji mengi yanasukuma makapi mferejini. Katika kilo 100 za majani, singa kavu hazizidi kilo 4 au 5. Yanayobaki yote ni maji, nyama ya jani na singa fupi zilizoponyoka. Singa fupi hizo zikiachwa zinajisokota, zinaziba mfereji.

Mzee alitazama wavu wangu akacheka. "Mwanangu, singa hushika singa. Wewe unatafuta tundu dogo, kumbe unatakiwa utafute kitambaa kikubwa."

Alikuwa sahihi, na hesabu inamuunga mkono. Unyayo wa soksi wenye urefu wa sentimita 25 na upana wa 8 una eneo la sentimita za mraba 400 pande zote mbili. Mfuko wa pazia jepesi wenye mzunguko wa mita 1 na kina cha sentimita 60 una 6,000 bila kuhesabu kitako. Mara 15. Tundu la pazia ni kubwa kuliko la soksi, lakini mfuo wa kwanza na wa pili ukishapita, utando wa vinyuzi wenyewe unakuwa chujio, unakamata vile ambavyo kitambaa kisingeweza. Halafu kuna jambo ambalo sikuliona mpaka nilipochungulia mashine ikitapika: sehemu ya chini ya mfuko ikiziba, maji yanapanda yenyewe mpaka kwenye kitambaa kisafi. Soksi haina pa kupanda.

Basi tukatengeneza hivi. Pipa la plastiki la lita 100 liliwekwa nje, ukutani mwa bafu. Ndani yake tenga la plastiki la matundu makubwa, na mfuko wa pazia umevishwa ndani ya tenga, mdomo umekunjwa juu ya ukingo. Tenga lina kazi moja tu, kuuzuia mfuko usigandamane na ukuta wa pipa, maana kitambaa kilichogandamana hakichuji. Chini ya pipa bomba la inchi moja na nusu linakwenda chemba. Juu, sentimita 10 chini ya ukingo wa tenga, mzee alitaka bomba la pili la dharura lipenye mfuko, tenga na pipa. Nilitaka nalo liende chemba. Akakataa. Lilielekezwa nje, likitonea juu ya kipande cha bati. Mfuko ukiziba, bati linapiga kelele, na nyumba nzima inajua.

Nakiri sikuielewa thamani ya bati siku hiyo. Chujio likiziba kimya kimya, maji yanatafuta njia yao, unakuja kugundua mwaka wa tatu.

Kosa letu la pamoja lilikuwa kimo. Sakafu ya bafu iko juu ya kiwanja kwa kozi kadhaa za tofali, kwa hiyo mdomo wa mpira ulioning'inia pipani ulikuwa sentimita 30 tu juu ya sakafu ile. Mashine ikaanza kuvuta maji na kuyamwaga wakati huohuo, kama mtu anayenyonya petroli kwa mpira. Shangazi aliiwasha jioni, akaenda kulala, alfajiri ikawa bado inajijaza. Tuliinua pipa kwa kozi tatu za tofali, mdomo ukafika sentimita 75, ikatulia. Mashine nyingi za mlango wa mbele zinataka mdomo uwe sentimita 60 hadi 100 juu ya sakafu. Wengi wetu kijitabu tunakiacha kwenye boksi.

Mifuko ni miwili, ya zamu. Uliojaa haufuliwi bombani, maana vinyuzi vitarudi kulekule. Unaanikwa juani mpaka ukauke, unageuzwa nje ndani, na utando unabanduka kama maganda ya kitunguu. Kwa wiki mbili unapata wa kujaza kiganja. Hauchomwi, ule ni plastiki. Unatupwa na taka kavu. Vilivyo vidogo kuliko vyote bado vinapita, wala sijaona pazia la kuvizuia. Na tangi bado linataka kunyonywa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, tenga liwepo lisiwepo.

Mablanketi ya manyoya yaliondolewa mashineni kwa amri ya shangazi mwenyewe. Juzi mjukuu wake alilitumbukiza moja kwa siri. Hazikupita dakika kumi bati likaanza kulia, na shangazi akaita kutoka jikoni: "Nani kafua blanketi?"