Jedwali zima ndani ya namba moja
Kwenye kerneli ya Linux, ndani ya faili la include/linux/bitops.h, kuna funksheni fupi mno iitwayo parity8. Ukiipa baiti moja, inakuambia pariti yake, yaani kama idadi ya biti zake zenye 1 ni shufwa au witiri. Wolfram Sang ndiye aliyeiweka hapo mwaka 2025, akiitoa kwenye draiva ya kitambuzi cha joto cha kadi za RAM za DDR5. Nitaichambua kwa sababu ni nadra kuona hesabu nyingi hivi zikibanwa kwenye nafasi ndogo hivi bila kupoteza uwazi.

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kitanzi: chukua biti ya mwisho, ifanyie XOR na jibu ulilonalo, sogeza baiti kulia, rudia mara 8. Kwa miaka mingi bootflag.c, sehemu ya msimbo wa kuwashia mashine za x86, ilifanya hivyo. Jibu lilikuwa sahihi. Shida ni kwamba draiva kadhaa nazo zilikuwa na toleo lao la hesabu hiyohiyo.

Msimbo wa parity8 ni huu:

val ^= val >> 4;
return (0x6996 >> (val & 0xf)) & 1;

Chukua baiti 10110101, yenye 1 tano. Mstari wa kwanza unakunja baiti katikati: 1011 inafanyiwa XOR na 0101, tunapata 1110. Pale 1 mbili zilipokutana zote zimefutika, na kwa kuwa zinafutika mbilimbili, witiri inabaki witiri na shufwa inabaki shufwa. Sasa tuna biti 4 tu za kushughulikia, yaani hali 16 zinazowezekana.

Hapo ndipo inapoingia 0x6996, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Iandike kwa biti: 0110 1001 1001 0110. Hesabu kutoka kulia ukianzia sifuri, na kila nafasi ina jibu la namba yake. Nafasi ya 3 ina 0, maana 0011 ina 1 mbili. Nafasi ya 14 ina 1, maana 1110 ina tatu. Ukiisogeza kulia mara 14 na kubakiza biti ya mwisho, unapata 1: witiri. Jedwali lote la majibu 16 limo ndani ya amri zenyewe, kwa hiyo prosesa haina safari ya kwenda kulisoma kwenye RAM. Kwa biti 32 unakunja kwa 16, kisha 8, kisha 4, na jedwali ni lilelile.

Kwa nini waandishi wa kerneli wasitumie tu funksheni iliyomo ndani ya kompaila ya GCC? Kwa sababu pale prosesa isipokuwa na amri inayofaa, kompaila inaweza kuita maktaba yake ya libgcc, na kwa kawaida kerneli haiungwi nayo. Prosesa za x86 zina alama ya pariti tangu enzi za 8086, lakini kerneli inapaswa kufanya kazi hata kwenye prosesa zisizo nayo.

Maelezo yaliyoandikwa juu ya funksheni yanastahili sifa. Yanasema wazi kwamba inakupa hali ya baiti ilivyo sasa. Biti ya pariti ya kuongeza utaiamua mwenyewe. Onyo hilo lina uzito. Kwenye I3C, basi inayounganisha kidhibiti na vifaa vyake, kidhibiti hukipa kifaa anwani ya biti 7 pamoja na biti moja ya pariti, na jumla ya 1 lazima iwe witiri. Anwani 0x08 ina 1 moja, hivyo biti ya pariti ni 0. Anwani 0x09 inazo mbili, kwa hiyo inaongezewa 1. Draiva ikirusha jibu la parity8 kama lilivyo, biti hiyo itakuwa kinyume kwa kila anwani, kifaa kitakataa kuitikia, na mwandishi wa draiva ataanza kukagua nyaya wakati kosa liko kwenye mstari mmoja wa msimbo.