Kujaza Tao si Kazi, Kazi ni Kesho Yake

Kitabu cha Zeynep Tufekci, Twitter and Tear Gas, kilitoka 2017, miaka saba kabla ya vijana wa Kenya kulijaza tao kupinga Mswada wa Fedha. Hakituzungumzii sisi. Lakini ukikisoma leo ukiwa Nairobi, kuna kurasa zitakufanya ukiweke chini kwanza, upumue.

Hoja yake ni hii: intaneti imerahisisha kukusanya umati, hadi umati wenyewe umepungua uzito. Maandamano ya Washington ya 28 Agosti 1963 yaliwaleta watu wapatao 250,000. Nyuma yake kulikuwa na Bayard Rustin na wenzake, wakihangaika na mabasi, chakula, vyoo na spika. Kazi hiyo iliwafunza kuamua pamoja na kugombana bila kuvunjika. Serikali ikitazama umati ule, iliona pia misuli iliyouleta. Siku hizi hashtegi moja yatosha kuleta watu, ila misuli bado. Mambo yakigeuka ghafla, vuguvugu linakwama: libadilishe mbinu vipi, na nani aliongelee?

Tufekci aliyaona haya Istanbul 2013, kwenye bustani ya Gezi. Watu waligawa chakula, wakafungua maktaba, wakatibiana. Serikali ilipotaka mazungumzo, ikajichagulia yenyewe wa kuongea nao.

Hapo ndipo kitabu kinatuuma. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia Bunge, na wengine wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia saini mswada. Tulishinda, tena kwa damu. Lakini Julai, viti vya uwaziri vikawaendea akina Mbadi, Joho na Oparanya wa ODM, watu ambao si wao walioyaitisha yale maandamano. Desemba, sheria za ushuru zikatiwa saini zikiwa na baadhi ya mapendekezo yale yale tuliyoyakataa. Ni kama Tufekci alikuwa ameshatuandikia.

Hata hivyo, kuna mahali nampinga. Anakubali kwamba kutokuwa na kiongozi ni kinga, lakini mizani yake inaelemea hasara. Kwetu kiongozi ni mtu wa kununuliwa kwa cheo, ama kubebwa usiku na gari lisilo na nambari. Vijana waliposema hawana kiongozi, hawakuwa wamelewa mtandao. Walikuwa wamesoma historia ya siasa zetu na kuielewa vizuri sana.

Na misuli ilikuwepo, msee. Kuna waliotafsiri mswada kwa lugha za mama. Kuna waliochanga kwa M-Pesa bili za hospitali zilipwe, na mawakili waliozunguka vituo vya polisi kutafuta waliokamatwa. Hayo si makelele ya simu. Ni kazi ile ile ya Rustin, ila haina ofisi wala jina mlangoni.

Shida ni kwamba kazi ya dharura huisha dharura ikiisha. Mswada uliporudi kwa sura nyingine, wale watafsiri walikuwa wapi, na nani alikuwa na namba zao? Tufekci hana jibu la jinsi ya kudumu bila kuwa na uso wa kukamatwa. Kisome bado. Kisha kaa na wenzako watano mjibu hilo swali kabla ya bajeti ijayo kusomwa.