Utubora Hakulima Usambara

Kusadikika ni nchi iliyoning'inia hewani. Humo Shaaban Robert alimsimamisha Karama kizimbani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Riwaya ilitoka 1951, Mwingereza akiitawala Tanganyika, na mwandishi mwenyewe alikuwa karani wa serikali hiyohiyo mjini Tanga. Mbinu yake tunaijua tangu sekondari: ukitaka kumsema mtawala, mpeleke mbali. Kinachonisumbua mimi ni kitabu kingine, kile alichoshuka ardhini na kumshikisha shujaa wake jembe.

Utubora Mkulima kilichapishwa 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini, anakwenda Busutamu kulima, na watu wanamshangaa. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka mmoja kabla, kwa hiyo ni rahisi kumsoma kama kada aliyetumwa na chama kuhamasisha kilimo. Muumba wake hakuliona Azimio.

Nimekirudia kitabu hiki mwaka huu nikiwa nyumbani Lushoto, nikiandaa pendekezo la tasnifu yangu ya umahiri, na udongo wa Busutamu umenishinda. Ni mtiifu mno. Mkulima akiwa na nia njema, nao unaitika. Ardhi yenyewe si tatizo la riwaya. Tatizo ni moyo wa mtu, kama ameridhika au hajaridhika. Anayeyasoma haya huku kwetu, ambako shamba limeegemea mlima kama ngazi, lazima ashike kalamu aandike maswali pembeni.

Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibamba, karibu na mji wa Tanga. Kuanzia 1952 hadi 1960 alifanya kazi katika ofisi ya upimaji ardhi mjini humo. Lushoto ilikuwa ndani ya jimbo lilelile la Tanga, na miaka hiyohiyo huku juu jembe lilikuwa jambo la mahakama. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo miaka ya 1940, kisha ikaupanua Usambara. Wenye mashamba ya miteremko waliamriwa kuchimba matuta, na aliyekaidi alishtakiwa. Kazi hiyo iliwaangukia zaidi wanawake, maana mashamba ya chakula yalikuwa mikononi mwao. Watu walipinga, wengine wakiamini kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa. TANU ilipoingia milimani ilikuta hasira iliyokwisha iva. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umekufa.

Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman ameyaeleza haya katika kitabu alichokitoa 1990, na ameyasikiliza vizuri maneno mawili ya Kisambaa: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Kwa mababu zetu mvua na rutuba havikuwa mambo ya tabia njema ya mkulima peke yake. Vilitegemea nani anatawala, na kama watawala wanapatana au wanagombana. Njaa ilikuwa pia swali la siasa.

Simdai Shaaban Robert riwaya ya matuta. Busutamu si Mlalo. Lakini mwandishi wa Kusadikika alijua vizuri amri ni kitu gani. Alijua mshtaki, baraza, kifungo cha mtu aliyeleta habari njema. Mambo hayo yote aliyaacha angani. Alipofika shambani, mahali ambapo amri ilikuwa inamgusa mtu mgongoni kabisa, akatuandikia mkulima asiyeguswa na mtu.

Najua jibu la watetezi wake. Hii ni kazi ya maadili, watu wake ni sifa zilizovaa kanzu, na kuuliza bei ya kabichi Busutamu ni sawa na kumdai sungura wa hadithi kitambulisho cha NIDA. Nakubali nusu. Ila shujaa hakuitwa Utubora tu, ameitwa Mkulima, na kazi hiyo ina madai yake. Euphrase Kezilahabi aliyatambua madai hayo katika Gamba la Nyoka, 1979: humo watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na udongo unakuja na ugomvi wake. Sisemi Kezilahabi ni msanii bora kuliko mzee; kwa lugha, wengi wetu bado tunakunywa kisimani kwa mzee. Ila kwake naweza kuuliza shamba ni la nani.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo Utubora Mkulima kinalisema kuliko vitabu vyetu vingi vya baadaye: Utubora hakushindwa. Huku kwetu mhitimu akionekana na jembe husalimiwa kwa huruma. "Ajira bado hazijatoka?" Kitabu kinaikataa huruma hiyo moja kwa moja, na kwa hilo pekee ningewapa wenzangu wote wa darasani wakisome kabla hawajaenda kwenye semina za vijana na kilimo.

Kwenye semina hizo Utubora anarudi akiwa amevaa fulana ya mradi. Tunaambiwa ni suala la mtazamo. Nenda soko la Lukozi uone karoti na kabichi zinavyopakiwa kuteremka Mombo hadi Dar, uone dalali anavyotaja bei, uone gunia la lumbesa linavyoshonwa, halafu uniambie kuhusu mtazamo. Tena ili ufike Lukozi na mzigo, sharti uwe na shamba. La babu yangu limegawanywa kwa baba yangu na ndugu zake wa kiume, kisha vipande vikagawanywa kwa kaka zangu. Mimi na dada zangu tunapalilia.

Kwa hiyo riwaya ninayoitafuta bado haijaandikwa, au imeandikwa na sijakutana nayo. Ni ya mwanamke wa Mlalo, mwaka 1955, mtoto mgongoni, ameitwa barazani kwa sababu mteremko wake hauna matuta. Mumewe yuko mkongeni tambarare. Karani anasoma jina lake kwenye orodha, kwa Kiswahili safi kabisa.