Mchoro wa Sura: Tazama Mkono Ulipokazia

Wengi wakisimama mbele ya mchoro wa sura huuliza swali moja tu: amefanana? Kufanana si haba, lakini hakutoshi. Vijana wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaochora kwa penseli kutoka picha za simu hufananisha hadi unywele, na bado kazi nyingi ukizitazama huwezi kujua mwenye sura ni mkali au mpole, ana raha au ana madeni.

Anzia machoni, ila usidanganywe na mboni. Kile kinukta cheupe cha mng'ao kila mchoraji anakiweza. Tazama kope: ya juu imeshuka kiasi gani, ya chini imelegea au imekazwa? Kisha shuka kwenye pembe za mdomo. Hapo milimita moja inamgeuza mwenye subira kuwa mwenye kinyongo, ndiyo maana mchoraji mwoga huzifukia kwa kivuli cha kusugua na tishu.

Mfano wa kujifunzia ni mchoro wa mkaa wa msanii Mjerumani Albrecht Dürer wa mwaka 1514, uliohifadhiwa Berlin. Aliyechorwa ni mama yake, Barbara, mwenye miaka 63, aliyezaa watoto 18. Miezi miwili baadaye alifariki. Mwanawe hakumremba. Paji limejaa mikunjo, mfupa wa shavu umesimama, mishipa ya shingo imetokeza, macho hayaelekei upande mmoja, midomo imefumbwa kwa nguvu. Lakini kitambaa cha kichwani na nguo ni mistari michache ya haraka. Mkono umekazia pale palipo na mtu, kwingine ukapita tu. Mchoraji Mfaransa Ingres, aliyejipatia riziki Roma kwa kuchora wageni kwa penseli, naye alikuwa hivyo: uso kamili, koti mistari. Utafute mchoro wake wa 1819 wa mpiga fidla Paganini.

Kwa hiyo mchoro uliosuguliwa sawasawa kuanzia nywele hadi kifungo cha shati nautilia shaka.

Jaribio langu ni hili: funika mdomo kwa kiganja usome macho, kisha funika macho usome mdomo. Vikipingana, usikimbilie kusema mchoraji kakosea. Wengi wetu hucheka mdomoni tu. Kosa ni vyote viwili kukaa kimya.

Na ukitaka kuchorwa, usimpelekee fundi picha ya harusini uliyoambiwa utabasamu. Kaa mbele yake, mzungumze, na muda huo umlipe.