Wimbo Usio na Anwani

Fungua folda ya muziki katika simu nyingi za Kalima au Pangi, hapa mashariki mwa Kongo, utakutana na majina ya aina hii: AUD-20230614-WA0011. Ndani panaweza kuwa na kwaya, kaswida, rumba ya zamani, au kijana anayechana kwa Kirega juu ya mdundo aliotengeneza kwenye kompyuta ya rafiki yake. Jina halikwambii. Hata tarehe iliyomo ni ya siku WhatsApp ilipolibeba faili, si ya siku wimbo uliporekodiwa. Kadi ikijaa, mwenye simu anaanza kufuta kutoka juu, na hakuna atakayejua alichofuta.

Naanzia hapo kwa sababu swali la wapi pa kupata muziki mpya, ule wa majaribio usiopigwa redioni, kwa kawaida hujibiwa kwa orodha ya programu za kupakua. Orodha haimfikishi mbali mtu anayenunua mega za siku moja na kutafuta mahali pa juu ili mtandao ushike. Afadhali tuwatazame waliowahi kuufikia muziki wa namna hiyo: walifanya nini hasa, na kazi ilikwama wapi. Ninavyo visa vitatu, na cha kwanza, ambacho nitakaa nacho zaidi, ni cha hapa Kongo.

Mwaka 1978 Bernard Treton alirekodi Kinshasa bendi za mitaani zilizochukua ala za vijijini na kuzitia umeme. Kampuni ya Ocora ya Ufaransa ilikuja kutoa nne kati ya hizo katika santuri moja miaka ya 1980: Orchestre Bambala, Orchestre Bana Luya, Orchestre Sankayi, na Orchestre Tout Puissant Likembe Konono No. 1. Hiyo ya mwisho ilianzishwa na mzee Mawangu Mingiedi, aliyepeleka mjini muziki wa Wazombo wa mpakani na Angola. Likembe zake, ala za ndimi za chuma, zilikuwa tatu, ya besi, ya kati na ya juu. Katika makelele ya Kinshasa likembe tupu haisikiki, kwa hiyo Mingiedi alijitengenezea vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu na kuvifunga kwenye amplifaya za kuungaunga na vipaza sauti chakavu vilivyoachwa tangu enzi za Wabelgiji.

Ufundi wenyewe ni rahisi kueleza. Ulimi wa chuma wa likembe ukitikisika karibu na sumaku iliyozungushiwa waya, unazalisha umeme mdogo katika waya ule, sawasawa na uzi wa gita la umeme. Umeme huo ukiingia kwenye amplifaya isiyoumudu, mawimbi yanakatwa vichwa, na kila yanapokatwa sauti mpya za juu zinazaliwa pembeni ya ile ya asili. Ndio ule mkwaruzo. Fundi wa redio angeuita kasoro. Lakini likembe ya kijijini nayo huvishwa vipete vya chuma vinavyovuma ulimi unapopigwa, maana sauti safi mno huonekana imepungukiwa. Amplifaya mbovu ilirudisha mjini kilichokuwapo kijijini, na zaidi.

Vincent Kenis, mwanamuziki wa Ubelgiji, alisikia rekodi hiyo katika redio ya Ufaransa karibu mwaka 1980. Mwaka 1989 alikwenda Kinshasa kuitafuta Konono, akarudi bila kuwapata. Ikapita miaka mingine kumi hivi ndipo akakutana nao, akawarekodi kwa kompyuta ya mapajani, na mwishoni mwa 2004 lebo ya Crammed Discs ya Brussels ikatoa albamu ya Congotronics. Kutoka kanda ya Treton hadi albamu hiyo ni miaka 26.

Wengi hueleza miaka hiyo kama hadithi ya uvumilivu, na Kenis anastahili sifa yake. Mimi naona pia hitilafu ya kawaida kabisa ya mnyororo. Santuri ilimpa msikilizaji jina la bendi na jina la mji. Mji wenyewe ni Kinshasa. Haikumpa mtaa, mtu wa kuuliza, wala baa ambayo bendi ilipiga Jumamosi. Sauti ilihifadhiwa vizuri, njia ya kurudi kwa wenye sauti haikuhifadhiwa.

Maamuzi mawili ya Kenis na lebo yake yanastahili kutajwa. Uamuzi wa kwanza: Kenis hakuusafisha mkwaruzo. Angeweza kuchomeka likembe moja kwa moja kwenye mashine akapata noti zilizonyooka, na Konono wangegeuka bendi ya hoteli. Wa pili ni jina la albamu. Congotronics iliwekwa karibu na muziki wa kielektroniki, si katika kapu la ngoma za asili, na wapenzi wa tekno na roki wa Ulaya na Marekani wakaichukua kama kitu cha kwao. Kufikia 2007 Konono walikuwa wanasikika katika wimbo wa Björk. Sina hakika vinasa sauti vilifanya kazi kubwa kuliko jina hilo. Wana-Kinshasa waliokuwa wakiwasikia Konono misibani, bila shaka, hawakuhitaji kuambiwa kwamba kimegunduliwa kitu.

Kisa cha pili kinafanana zaidi na hali ya Pangi, ingawa kilitokea Kidal, kaskazini mwa Mali. Christopher Kirkley wa lebo ya Sahel Sounds alikuta huko, karibu mwaka 2010, kwamba duka la muziki ni simu. Watu walirushiana nyimbo kwa Bluetooth na kujaziwa kadi vibandani, kama tufanyavyo sisi. Hesabu yake inaeleweka haraka: MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 4 hubeba nyimbo takriban elfu moja bila senti ya mtandao. Kirkley alikusanya yaliyomo katika kadi, na mkusanyiko wa Music from Saharan Cellphones ukazaliwa.

Tatizo lake lilikuwa lile lile la AUD-20230614. Nyimbo nyingi hazikuwa na jina la mwimbaji, na bila jina hakuna wa kumwomba ruhusa wala wa kumlipa. Ikabidi atafute kinyumenyume, kwa simu na kwa kuuliza watu, faili moja baada ya jingine, kabla ya kutoa santuri. Mmoja aliyepatikana hivyo ni Mdou Moctar, mpiga gita wa Niger aliyekuwa amerekodi Sokoto, Nigeria, akitumia kifaa cha kunyoosha sauti juu ya gita la Kituareg. Miaka kumi baadaye albamu yake ya Afrique Victime ilitolewa na Matador, lebo kubwa ya muziki huru Marekani. Wengine waliokuwa katika kadi zile zile hawakuwahi kujulikana ni nani.

Kisa cha tatu ni cha Dar es Salaam. Katika studio ya Sisso, Mburahati, vijana walikuwa wakitengeneza singeli: vipande vya taarabu na mchiriku vilivyokatwa, vikakimbizwa hadi mapigo 200 na hata 300 kwa dakika, wachanaji wakikimbia juu yake. Ulikuwa muziki wa vigodoro, sherehe za mitaani za uswahilini, na wengi waliuona fujo. Mwaka 2017 lebo changa ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ya Arlen Dilsizian na Derek Debru, ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso.

Lebo haikuhitaji kuleta mitambo. Nyimbo zilikuwa tayari ndani ya kompyuta ya studio, zimeshachezwa, zimeshapimwa na watu wa mtaani. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchagua, kuandika nani kafanya nini, kusawazisha sauti kwa mara ya mwisho, kuchapa kanda chache na kuuza mafaili katika Bandcamp. Halafu tazama jina walilolipa. Kirkley alitaja chombo na Crammed wakataja rafu ya dukani. Sounds of Sisso inataja mlango wa kubisha. Aliyeipenda alijua aelekee wapi kutafuta zaidi, ndiyo maana Bamba Pana, Jay Mitta na Duke walifuata upesi, kila mmoja kwa jina lake. Mlango huo huo wa Kampala umepitisha pia Wakongomani: Na Zala Zala ya Rey Sapienz na Congo Techno Ensemble ilitoka hapo mwaka 2021.

Kuhusu mitambo ya kupendekeza nyimbo, ile ya YouTube na wenzake, niseme kwa ufupi. Inafanya kazi kwa kulinganisha wasikilizaji: waliosikiliza hiki walisikiliza na kile. Wimbo uliosikilizwa na watu arobaini, wote wa Kampene, hauna wasikilizaji wengine wa kulinganishwa nao, na mtambo hautausogeza. Ndiyo sababu katika visa vyote vitatu alikuwapo mtu aliyechagua kwa masikio yake.

Watu wa Pangi wanajua kwa namna nyingine kinachotokea kitu kikisafiri bila maelezo yake. Katika bwami, chama cha vyeo cha Warega, sanamu ndogo ya pembe au ya mti haikuonyeshwa kimya. Ilitolewa kwa ngoma na kwa methali zinazoimbwa, na sanamu hiyo hiyo ingeweza kubeba maana nyingine methali ikibadilika. Mtafiti Daniel Biebuyck aliyaandika hayo alipoishi na Warega miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kupiga bwami marufuku mwaka 1948. Sanamu nyingi ziliondoka, zikaingia makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na kwingineko, zimeandikwa "Lega, Kongo" na basi. Mkusanyaji mmoja mkubwa wa sanamu hizo alikuwa Jay Last, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wanane walioanzisha Fairchild Semiconductor mwaka 1957, na ndiye aliyeongoza kikundi kilichounda saketi unganishi za kwanza za silikoni za kampuni hiyo. Kadi ya memori inayojazwa kibandani Kalima ni kitukuu cha kazi ile. Sanamu zake nyingi alizitoa kwa jumba la makumbusho la Fowler, Los Angeles. Zimetunzwa vizuri sana. Methali hazikupanda ndege.

Basi anayerekodi Pangi leo afanye nini kwanza? Asianze na Bandcamp. Ni soko zuri kwa muziki wa majaribio, linakata asilimia 15 tu ya mauzo ya faili, lakini linalipa kupitia PayPal, na kwetu fedha hutembea kwa M-Pesa na Airtel Money. Bila ndugu wa Brussels wa kupokea, pesa itakwama njiani. Hilo bado halijapata dawa.

Lenye dawa ni faili lenyewe. Kila MP3 inaweza kubeba mkiani lebo ndogo iitwayo ID3, ya baiti 128 tu katika toleo lake la zamani: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, na nafasi ya maoni. WhatsApp ikibadilisha jina la faili kwa nje, lebo hiyo inabaki ndani. Ukituma faili kama hati badala ya sauti, hata jina la nje linabaki. Lebo hiyo yaweza kuandikwa na kijana mwenye kompyuta anayejaza kadi kibandani, kabla wimbo haujaingia kadi ya kwanza, kwa programu ya bure isiyohitaji mtandao.

Nafasi ya maoni hupewa herufi 30, au 28 katika toleo lililofuata. Namba ya simu ya studio, ikianza na +243, inachukua 13. "Kalima, Pangi" inachukua nyingine 13. Ukiweka nafasi moja katikati, zinakuwa 27.