Jina na Kinachotajwa: Uhakiki wa Sarufi ya Ruwaza za Majina ya Faili

Lugha ya ruwaza za majina ya faili katika tarakilishi ni lugha ndogo mno. Nyota husimama badala ya herufi zozote, alama ya kuuliza badala ya herufi moja, na mabano ya mraba hutaja herufi zinazokubalika. Mfumo wa Unix, uliozaliwa katika maabara za Bell nchini Marekani, ulikuwa na alama hizi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati kazi ya kuzifasiri ilipoachiwa programu ya pekee iliyoitwa glob. Hata hivyo, udogo wa lugha si hakikisho la uwazi wake. Sarufi hii haijaamua kama inahusu majina au vitu vinavyotajwa kwa majina hayo, na kasoro hiyo yaweza kumpotosha mtafiti wa lugha asiyeitambua.

Sheria ya awali ilikuwa bayana. Nyota haivuki mkwaju unaotenganisha saraka na vilivyomo ndani yake, wala haigusi jina linaloanza kwa nukta. Saraka na faili hutendewa sawa, kwani yote ni majina. Mkwaju ukiwekwa mwishoni mwa ruwaza ndipo saraka peke yake huchaguliwa. Mnamo 1983, toleo la 4.2BSD lilileta viungo vya ishara. Kiungo cha namna hii ni mfano wa lakabu: hubeba njia ya kukifikia kitu kingine, wala si kitu chenyewe. Kitu hicho kikifutwa, lakabu hubaki.

Hapo ndipo ukinzani unapozuka. Nyota peke yake huikubali lakabu isiyo na mwenyewe, maana jina lipo. Nyota yenye mkwaju huikataa, maana saraka haipo. Ruwaza ya kwanza husoma jina, ya pili husoma kinachotajwa.

Mambo huzidi kutatanisha katika nyota mbili, ambazo hushuka ndani ya saraka zote. Katika zsh, nyota mbili hazifuati viungo, bali nyota tatu ndizo zifuatazo. Bash ilizipokea nyota mbili mwaka 2009 ikawa inafuata viungo, kisha ikaanza kuiacha desturi hiyo katika toleo la 4.3 la mwaka 2014. Python nayo ina ndimi mbili: maktaba yake ya glob hufuata viungo, ilhali pathlib, tangu toleo la 3.13 la mwaka 2024, haivifuati katika nyota mbili isipokuwa iagizwe.

Na ichukuliwe saraka ya tenzi yenye saraka ndogo mbili, Lamu na Mombasa, kila moja ikiwa na faili 100, pamoja na kiungo kiitwacho Kaskazini kinachoelekea Lamu. Programu moja itahesabu faili 200, nyingine 300. Katika hesabu ya pili, kila neno la tenzi za Lamu litakuwa limehesabiwa maradufu, na mtafiti atatangaza tofauti ya lahaja iliyozaliwa na kiungo tu. Kiungo kikielekea saraka iliyokibeba, msafara huwa wa kuzunguka. Linux huukatiza baada ya viungo 40.

Watetezi wa kufuata viungo husema kwamba aliyekiweka kiungo alitaka kifuatwe. Hoja hii ina nguvu pale kiungo kinapotajwa kwa jina lake. Lakini atumiaye nyota hajakitaja. Kumwita mtu kwa lakabu ni jambo moja. Kuhesabu watu wa nyumba kwa kujumlisha majina na lakabu zao ni jambo jingine.

Kwa hiyo zsh yastahili sifa, si kwa kukataa kufuata, bali kwa kuzipa maana mbili alama mbili. Python yastahili lawama kwa kuipa alama moja maana mbili ndani ya lugha moja. Maadamu hali ni hiyo, mtafiti anayetoa hesabu za maneno hana budi kueleza viungo vilishughulikiwaje, kama vile mhariri wa miswada anavyowajibika kueleza ni nakala zipi alizozihesabu kuwa moja. Pasipo maelezo hayo, hesabu yake haiwezi kuthibitishwa na mwingine.